Nuksi ya Gari la Kijani

"Inua! Inua hiyo bendera, Marlys!"

Hapo ndipo nilipowaacha Jumamosi iliyopita, na najua mmenilaani. Yuko bwana mmoja wa Morogoro kapiga simu gazetini mara tatu, kila mara akiuliza: binti aliinua au hakuinua? Haya, bwana wa Morogoro, vuta kiti ukae. Aliinua.

Miaka thelathini na nne Marlys Haverkamp amekuwa akiitii sauti ile. Mzee Lowell akisema kaza, anakaza. Akisema legeza, analegeza. Sasa baba kasema inua, mkono ukapanda wenyewe, na bendera ya njano ikapepea juu ya ukuta.

Kuingia mbio za magari za Indianapolis, gari linapimwa kwa mizunguko minne. Timu ikipunga njano kabla ya mzunguko wa nne kuisha, jaribio limefutwa, hesabu kwamba halikuwahi kufanyika. Na kila gari lina majaribio matatu tu kwa mwezi mzima wa Mei. Hili lilikuwa la tatu.

Namba 48, gari lao, ikapita mbele yao ikilia, ikamaliza mzunguko ambao haukuwa na maana tena. Rafe Colquitt, dereva wao, hakuiona bendera. Alikuwa anatazama mbele, ndiyo kazi yake.

Kipaza sauti kikakohoa, kikasema:

"Mabibi na mabwana, Haverkamp wamefuta! Jamani, wamefuta! Saa yetu huku juu inaonyesha wangepata maili mia mbili na kumi na nne kwa saa. Walikuwa wanaingia! Nafasi ya thelathini na tatu ilikuwa yao!"

Marlys akaishusha bendera. Akashika ukuta.

Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro dakika ishirini na mbili jioni. Saa kumi na mbili kamili bastola inalia, na ikishalia hakuna gari linalotoka tena kwenye foleni. Magari thelathini na matatu yanabaki kwa mbio za Jumapili ijayo. La thelathini na nne linapakiwa kwenye lori.

Rafe alishuka akiwa bado anavuja jasho. Helmeti akaitupa, ikabingirika mpaka kwenye tairi.

"Nani kainua?"

Akatazama uso mmoja mmoja.

"Nauliza, nani kainua?"

"Mimi," alisema Marlys.

"Wewe? Wewe, fundi? Nimekanyaga mafuta mpaka mguu umekufa ganzi, kona ya tatu nimepita nimefumba macho, halafu wewe unanipungia kitambaa kama tunaagana stesheni?"

"Baba alisema..."

"Baba, baba! Mzee, wewe uliona nini?"

Mzee Lowell alikuwa amesimama na stopwochi yake mkononi, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Ana miaka sabini na mmoja, na mtu akimwona vile angesema tisini.

"Saa ilinidanganya," alisema. Hakumtazama mtu.

Marlys akaichukua ile stopwochi. Mizunguko mitatu ilikuwa imehifadhiwa pale, mmoja chini ya mwingine, na yote mitatu ilikuwa mizuri. Mtoto wa darasa la nne angeona kuwa gari lile linaingia. Na Lowell Haverkamp amezisoma saa hizi tangu Marlys hajazaliwa.

"Baba. Ulijua."

Mzee akanyoosha mkono arudishiwe saa.

"Ulijua tunaingia, ukaniambia niinue!"

"Ni bora tubaki nje mwaka huu," mzee alisema kwa sauti ya chini. "Niamini, mwanangu. Tukae nikueleze."

"Unieleze saa ngapi? Zimebaki dakika ishirini!"

"Nisikilize."

"Nimekusikiliza miaka thelathini na nne, baba. Tazama uliponifikisha."

Sasa wewe uliyedandia hadithi leo, sogea nikupe haraka haraka, maana saa inakwenda na hata mimi nina presha.

Mwenye uwanja huu ni Royce Vandiver, kaurithi kwa mjomba wake. Miaka mitatu iliyopita alianzisha ligi yake, akatangaza kwamba mchezo umetekwa na matajiri na kuanzia siku hiyo kichwa ni yeye. Wenye timu kubwa wakasema hatuongozwi na mrithi, wakajitoa, wakaanzisha ya kwao. Siku Vandiver anakimbiza hapa Indianapolis, wao wanakimbiza Ohio. Kila upande ukabaki na nusu ya madereva na nusu ya mashabiki, na kila upande ukasema ndio wenye haki. Zamani, siku kama hii ya kutupana nje, watu walikaa mpaka kwenye ngazi. Leo ungelala kwenye benchi ukanyoosha miguu, na asingekuuliza mtu.

Kesho yake, Jumatatu, wenye magari wa ligi ya Vandiver wanapiga kura. Ama warudi meza moja na wale waliojitoa, chini ya uongozi mpya, ama mlango ufungwe moja kwa moja. Anayepiga kura ni yule ambaye jina lake liko kwenye fomu ya gari lililoingia mbio, na ukiwa na magari mawili kura ni ile ile moja. Mpaka jioni hii wenye kura ni thelathini na wawili: kumi na sita wa Vandiver, kumi na sita wa kurudi pamoja. Gari la mwisho kwenye orodha ni la pili la tajiri mmoja wa Texas, halimwongezei kitu. Haverkamp wakilisukuma nje hilo, wao ndio kura ya thelathini na tatu. Wasipoingia, kura zinalingana na mambo yanalala hivyo hivyo mwaka mwingine.

Na mwaka mwingine wa hivi, Marlys alijua, hatabaki mtu wa kugombana. Ameona gereji saba za mtaani kwao zikifungwa. Aprili, mezani, mbele ya sahani ya viazi, baba yake alimwahidi: gari likiingia, kura yetu ni ya kurudi pamoja. Ahadi hiyo ndiyo iliyomfanya aishi chini ya gari mwezi mzima.

Sasa gari limekufa.

"Kuna lile jingine," alisema Marlys.

Mafundi wawili wakatazamana. Rafe akakaa wima.

"Lipi jingine?" aliuliza, na alijua fika ni lipi.

"La akiba. Lilikaguliwa Alhamisi, stika linayo."

"Lile la kijani?"

"Lile lile."

"Hapana."

Usicheke. Mimi nimekaa na watu hawa miaka kumi na tisa, sicheki tena. Dereva wa mbio wa Indiana atagonga ukuta leo na kesho arudi akiwa na bandeji, lakini ukimlia karanga gereji atakutoa na spana, na gari la kijani hapandi. Ni nuksi. Sababu hana, wala haitafuti. Haverkamp walilipata gari lile kwa Mwingereza mmoja aliyefunga timu akarudi kwao, ambako kijani ni rangi ya heshima. Tangu lifike lilikuwa chini ya turubai, na mafundi wakipita karibu walitazama pembeni.

"Rafe, zimebaki dakika kumi na tisa."

"Mjomba wangu alipanda la kijani kule Terre Haute."

"Akafa?"

"Hakufa. Mkewe alimwacha."

"Mkeo keshakuacha, Rafe."

"Ndiyo maana sitaki kuongeza mabaya juu ya mabaya."

Marlys akamshika kola ya ile nguo yake ya mbio. Alikuwa analia, na hakujali nani anamwona.

"Na kama halitakuwa la kijani?"

"Utalipaka rangi saa ngapi wewe?"

"Sipaki rangi. Nabandika tepu."

Rafe akafikiri. Watu wazima wawili, mmoja ana miaka arobaini na mmoja, wamesimama kwenye jua wanajadili kama nuksi inapita kwenye tepu.

"Kote?" aliuliza Rafe.

"Kote."

"Mpaka chini ya bawa?"

"Mpaka chini ya bawa, Rafe, Mungu wangu, kimbia!"

Wakakimbia.

Kwenye vichochoro vya gereji habari ilitangulia kufika. Watu waliokuwa wanashindana nao tangu asubuhi walitoka milangoni na tepu mikononi: nyeusi, ya fedha, nyekundu, hata moja ya kufungia zawadi za Krismasi. Jitu moja nene, fundi wa timu inayomuunga mkono Vandiver, lilikuja na boksi zima.

"Kesho bosi wetu anawapigia kura mfe," lilisema. "Lakini leo chukueni tepu."

Mlango wa gereji ya Haverkamp ulikuwa na mtu. Mzee Lowell amesimama katikati, mikono kwenye fremu.

"Marlys, liache."

"Toka mlangoni, baba."

"Liache, nakwambia! Hujui unalolifanya!"

"Toka, au nitakupitishia gari juu."

Mzee akamtazama binti yake. Hajawahi kuambiwa hivyo na mtu yeyote, sembuse mtoto aliyemfundisha kushika bisibisi. Akatoka mlangoni. Alitembea pembeni ya ukuta polepole, akawa anatikisa kichwa.

Turubai likavutwa. Mikono kumi na minne ikaanza kubandika. Wengine walibandika wamegeuza uso upande, lakini walibandika.

"Hapa kuna kijani," alisema Rafe akizunguka kama mnunuzi wa ng'ombe.

Tepu.

"Na hapa, kwenye pua."

Tepu.

"Na ndani ya kiti?"

"Ndani utakalia!" Marlys alipiga kelele. "Unataka tukubandike na wewe matakoni?"

"Bandika kiti."

Wakabandika kiti.

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi na moja gari likafika kwenye foleni likisukumwa na watu wa timu tano. Lilikuwa baya kuliko gari lolote nililowahi kuliona pale uwanjani, na mimi nimeona mengi. Mbele yao yalikuwa magari mawili.

La kwanza likaondoka. Mizunguko miwili ya kupasha moto, minne ya kupimwa. Halikuwa na mbio, likashindwa, likarudi. Kasoro dakika tano.

La pili lilikuwa la rafiki mkubwa wa Vandiver. Mafundi wake wakaingiza mashine ya kuwashia nyuma. Injini ikakohoa. Ikazima. Wakarudia, ikakohoa, ikazima.

Kasoro dakika nne.

"Eldon!" Marlys alimkimbilia Eldon Fritsch, mzee wa foleni, yule yule ambaye saa kumi na mbili ndiye mwenye bastola. "Hilo gari limekufa. Litoe!"

"Wana haki ya dakika mbili."

"Dakika mbili hizo ni zangu!"

"Najua."

"Umenijua tangu nina miaka sita, Eldon! Ulikuwa unaninunulia limonadi!"

Eldon akainua macho kwenye jukwaa la wakubwa. Alionekana mtu mwenye aibu.

"Siku hizi siamui mimi, Marlys. Unajua nani anaamua."

Na huyo anayeamua alikuwa anashuka ngazi. Royce Vandiver, koti na tai kwenye joto lile, viatu vinang'aa. Watu wakampisha. Marlys akaona imekwisha. Amekuja kuhakikisha mwenyewe zile dakika mbili zinaliwa mpaka mwisho, na kura ya thelathini na tatu inafia pale kwenye foleni.

Vandiver akasimama kati ya magari mawili. Akalitazama lile lililokufa, akalitazama lile la tepu.

"Eldon."

"Ndiyo, mwenyekiti."

"Toeni takataka hii njiani. Mpisheni binti wa Haverkamp."

Eldon akadhani hakusikia vizuri. "Mwenyekiti?"

"Umenisikia."

Halafu, jamani, akavua koti. Akaweka mikono yake miwili kwenye bawa la gari la rafiki yake mwenyewe na kulisukuma pembeni. Rafiki yake akawa anapiga kelele za matusi. Vandiver hakugeuka.

Marlys akabaki kinywa wazi. Miaka mitatu amemtukana mtu huyu magazetini.

"Asante," alisema.

"Nenda, mama, saa inakwenda," alijibu Vandiver, na akatabasamu.

Uwanja mzima ulishangaa. Mmoja tu hakushangaa. Mzee Lowell alikuwa ameshika ukuta kwa mikono miwili.

Rafe akaondoka saa kumi na mbili kasoro dakika moja na nusu. Alikuwa kwenye mzunguko wa pili wa kupasha moto bastola ilipolia nyuma yake. Haikumhusu. Aliyekwisha kutoka kwenye foleni anamaliza.

Mzunguko wa kwanza: maili mia mbili na kumi na tatu kamili, na la Texas lina nukta tano zaidi. Haitoshi.

Wa pili: mia mbili na kumi na tatu nukta nne. Haitoshi bado.

"Fundi," sauti ya Rafe ikaja redioni, "kuna kitu kinanipiga helmeti."

"Ni tepu."

"Inabanduka?"

"Kidogo."

"Chini yake kuna rangi gani?"

"Usitazame chini! Tazama kona!"

"Marlys, niambie rangi gani!"

"Nyeupe!" alidanganya. "Kuna nyeupe chini, walipaka nyeupe kwanza, kanyaga!"

Wa tatu: mia mbili na kumi na nne. Watu wachache waliokuwapo walisimama, na wakipiga kelele ungedhani wamejaa. Tepu zilikuwa zinaruka nyuma ya gari, nyekundu, za fedha, ile ya Krismasi. Marlys hakuweza kutazama. Alikaa chini nyuma ya ukuta, mikono masikioni, na akawa anasema peke yake: ingia, ingia, ingia.

Kipaza sauti kikapasuka:

"Wastani, mia mbili na kumi na tatu nukta saba! Texas nje! Haverkamp ndani! Haverkamp wameingia!"

Gari likarudi taratibu, nusu la tepu, nusu kijani kibichi cha mchicha. Rafe akashuka, akalitazama, akafumba macho.

"Asiniambie mtu kitu," alisema. Wakambeba juu juu, kafumba macho vile vile.

Marlys akamkimbilia baba yake. Akamkumbatia, hasira zote zimeisha.

"Tumeingia, baba! Tumeingia!"

"Tumeingia," alisema mzee. Alikuwa mkavu kama gogo.

"Kesho unapiga kura!"

"Kesho nampigia Royce Vandiver."

Marlys akamwachia.

"Nani?"

"Nilimpa mkono, Marlys. Machi. Kwamba nikiwa na gari kwenye mbio, kura yangu ni yake."

"Aprili uliniahidi mimi! Mezani!"

"Nilikuahidi kwa sababu sikuweza kukutazama usoni nikakwambia hapana. Lakini yeye nilimpa mkono." Mzee alikuwa anahema. "Nikafikiri: tukibaki nje, kura zinalingana. Mlango haufungwi. Neno langu kwake sijalivunja, na wewe hutajua. Nikasema inua. Ilikuwa imekwisha, mwanangu. Wewe ndiye uliyeniingiza."

Sasa Marlys akaelewa kwa nini mtu mwenye viatu vile alivua koti akachafua mikono. Vandiver alikuwa anasukuma kura yake mwenyewe.

Akaanza kucheka, kisha kucheka kukageuka kukawa kilio kibaya. Mikono kumi na minne. Tepu za gereji tano. Wote wale wamemsaidia kuufunga mlango kwa nguvu zake mwenyewe. Kama angekaa akamsikiliza mzee dakika moja! Lakini alimwambia atampitishia gari.

"Samahani," alisema Eldon Fritsch, ambaye alifika na ubao wake wa karatasi bila kujua kaingia wapi. "Mwenye gari asaini hapa. Lowell."

Mzee akachukua kalamu. Akavaa miwani. Akaisoma fomu, akairudisha.

"Siyo mimi hapa."

"Siyo wewe nini?"

"Jina."

Marlys akaipokonya. Ilikuwa fomu ya gari la akiba, ya Aprili, mwandiko wa baba yake, herufi kubwa zilizonyooka. Mwenye gari: Marlys Haverkamp.

"Baba, hii ni nini?"

Kwa mara ya kwanza siku ile mzee alionekana ameona haya, haya hasa, kama mtu aliyekutwa jikoni na mkono kwenye chungu.

"Lilikuwa la kijani," alisema.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo sikutaka jina langu kwenye gari la kijani."

"Ukaweka langu?"

"Wewe huamini nuksi."

Eldon akakuna kichwa. Akaisoma fomu mbele, akaigeuza akaisoma nyuma.

"Fomu ni fomu," alisema. "Kura ni ya Marlys."

Nakuapia, msomaji, hata mimi nilipoyasikia haya niliweka chai chini. Kura ya thelathini na tatu! Alikuwa nayo mkononi tangu Aprili na hakujua. Moyo wa Marlys ukaruka. Kumi na saba kwa kumi na sita, na meza moja tena, na mchezo mmoja.

"Marlys." Mzee alimshika mkono. "Nilitoa mkono wa Haverkamp."

"Ulitoa wako, baba."

"Watu hawaoni hivyo. Wewe unajua hawaoni hivyo. Kila mtu kwenye vichochoro hivi anajua neno langu, sina kingine cha kunitambulisha. Nina miaka sabini na mmoja, hii ni Mei yangu ya mwisho. Usinitoe hapa nikiwa mwongo." Akavua miwani. "Sikuamrishi. Nakuomba."

Lowell Haverkamp hajawahi kumwomba mtu kitu.

Na hapo hapo Vandiver akafika, koti amelivaa tena, wapiga picha wanne nyuma yake. Alikuja na mkono umenyooshwa kwa mzee. Eldon akamnong'oneza sikioni na kumwonyesha fomu. Vandiver akaisoma. Tabasamu halikutoka, ila mkono ule ukageuka taratibu kutoka kwa baba ukaenda kwa binti.

"Haverkamp ni Haverkamp," alisema kwa sauti ya kusikiwa na wapiga picha. "Mkono wenu ni mmoja. Au sivyo, mama?"

Kamera zikapanda machoni.

Marlys akautazama mkono ule. Ulikuwa na doa la grisi kwenye kidole gumba. Akiushika, mlango unafungwa na aliyeufunga ni yeye. Akiuacha, kesho mji mzima utasoma kwamba neno la Lowell Haverkamp halina maana, na picha itakuwapo. Akamtazama baba yake. Mzee alikuwa anaitikia kwa kichwa kidogo kidogo, kana kwamba binti keshakubali.

"Baba," alisema Marlys, "utanisamehe."

Akatia mikono yote miwili mfukoni.

Kamera zikalia. Mzee Lowell akarudi nyuma hatua mbili, akakaa juu ya tairi, akavua kofia. Watu waliokuwa karibu walinyamaza, maana kofia ile huwa anaivua wakati wa wimbo wa taifa tu. Marlys alitamani ardhi ipasuke. Alisimama pale pale, mikono mfukoni, machozi yanashuka.

Mkono wa Vandiver ulining'inia kidogo hewani. Kisha akaushusha, akajifuta doa la grisi kwa leso, na kusogea karibu mpaka wapiga picha wasimsikie.

"Vizuri," alisema, bado anatabasamu. "Una kichwa kigumu, napenda. Lakini kabla hujapiga hiyo kura kesho, muulize mzee wako kitu kimoja. Machi alinipa mkono ili mimi ninyamaze. Muulize ninyamaze kuhusu nini."

Marlys akageuka amuulize.

Juu ya tairi hapakuwa na mtu. Mzee Lowell alikuwa amefika kwenye kichochoro cha gereji, peke yake, kichwa wazi, na alikuwa anakimbia.